Siku Siwa Ilipoingia Choo cha Akina Mama

Hebu niambieni, nyinyi mliokaa hapo mkitafuna karanga: mwanamke akibanwa na haja ndogo, jiji linapoteza nini?

Msicheke. Jibuni.

Hamna jibu. Basi tegeni masikio. Hapo zamani, na sisemi zamani za sungura na fisi, nasema zamani za watu wenye simu, digrii na njaa, palikuwa na jiji likiitwa Vumbiko. Jiji lilikuwa na Jumba la Baraza, jumba lilikuwa na ukumbi ghorofani, ukumbi ulikuwa na kiti kirefu cha Meya, na kiti kile tangu kichongwe hakijawahi kukaliwa na mwanamke. Walikaa wanaume wanene, wakakaa wanaume wembamba, akakaa hata mmoja aliyekuwa akikoroma tangu sala ya kufungua mpaka ya kufunga, na hakuna aliyesema kitu. Siku alipokaa Nyamizi Lusendamila, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, ndipo watu wakakumbuka kwamba kiti kina heshima yake.

"Huyu mama ataweza kweli?" waliulizana mjini.

"Ataweza nini? Kukaa?" akajibu Bi Mwasiti, muuza tangawizi. "Mbona sisi tunakaa kutwa nzima, tena juani, na hatuvalishwi majoho?"

Bi Mwasiti alikuwa wa Soko la Chekeni, chini ya jumba lile, ng'ambo ya uwanja. Akina mama wa Chekeni ndio waliompa Nyamizi udiwani. Umeya alipewa na madiwani wenzake, na hawakumpa kwa mapenzi. Wakubwa wawili walikuwa wamekivutania kile kiti mpaka wakachoka, wakaafikiana kumweka yeye katikati, mama mpole, wa kupita tu. Mmoja wao, Mheshimiwa Pontiano Mgeleka, akachukua unaibu na kukaa kusubiri.

Nyamizi hakupita. Siku ya kuapishwa alishuka sokoni na joho lake jekundu, akina mama wakamfunga kanga juu ya joho, naye akasema maneno ambayo baadaye hayakumwacha alale: "Nikiwa kwenye kile kiti, soko hili haliendi popote."

Sasa sikieni habari za choo.

Nyuma ya kiti cha Meya kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na msala wa Meya. Waliojenga jumba lile walikuwa wazungu wa zamani walioamini kwamba kila Meya ana ndevu. Kwa hiyo hapakuwa na choo cha kukaa, hapakuwa na choo cha kuchuchumaa. Palikuwa na ukuta wa vigae na mfereji chini yake. Wa kusimama asimame. Asiyeweza kusimama, ashuke ngazi, avuke uwanja, aingie Chekeni, apange foleni kwenye choo pekee cha wanawake kilichokuwapo eneo lote lile.

Na sikieni habari za siwa. Siwa ilikuwa rungu la fedha lenye kichwa cha tembo. Sheria yake ilikuwa fupi, hata wafagizi waliijua: siwa hulala mezani mbele ya Meya, Meya akitoka jengoni siwa hutoka naye, na siwa ikitoka hakuna kikao. Kuibeba ilikuwa kazi ya Mpambe wa Baraza, Mzee Kasembe, mwanamume mwenye glavu nyeupe na mwendo wa bwana harusi. Lakini mameya wote waliotangulia walikuwa wakijisaidia humo humo nyuma ya kiti. Siwa haikuwahi kuhitaji kutembea katikati ya kikao.

Basi Nyamizi akabanwa kwa mara ya kwanza. Akainuka. Mkono wa Mzee Kasembe ukaenda kwenye siwa.

"Mzee wetu," diwani mmoja akaropoka, "unakwenda kumshikia kanga?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkono wa Mzee Kasembe ukarudi gotini.

Nyamizi alishuka, akavuka, akapanga foleni. Aliporudi akamkuta Pontiano kitini na uwanja wa mpira wa mtaa wa Mtoni umeshauzwa.

"Mmepitishaje? Mimi nilikuwa nje!"

"With due respect, Mstahiki Meya," alisema Pontiano, ambaye heshima yake yote ilikuwa kwa Kiingereza, "siwa ilikuwa mezani. Siwa ikiwa mezani, Meya yupo. Kisheria ulikuwepo, tena uliafiki."

Mara ya pili ikawa vilevile. Akabanwa, akainuka, mkono ukaenda, kicheko kikaja, mkono ukarudi. Akashuka, akavuka, akapanga foleni. Aliporudi, shamba la zahanati ya Mtoni lilikuwa limekwenda kuufuata uwanja wa mpira.

Nyamizi akaamua kutokunywa maji.

Mnaona rahisi? Jaribuni. Siku ya kikao alikuwa hagusi chai tangu alfajiri. Alikaa kwenye kile kiti midomo imekauka, anatafuna ulimi wake mwenyewe, huku Pontiano akimmiminia maji kwenye glasi kwa upole wa muuguzi. "Maji, Mstahiki? Joto hili si mchezo." Glasi ilikaa mbele yake, inatoa jasho. Yeye anaitazama. Nayo inamtazama. Na vikao vyote alivyokaa na kiu hakuna kilichouzwa, hata kipande cha kaburi.

Lakini ubavu ukaanza kumchoma. Daktari alipompima alivua miwani. "Mama, figo zako hazijui siasa. Zinaomba maji."

"Kwani huwezi kujenga choo?" mtauliza. Hata yeye alijiuliza. Alikuwa na kiti, alikuwa na nyundo ya kugongea meza, angeweza kuleta hoja siku ya kwanza. Kila akitaka kuileta, inamkwama kooni. Meya wa kwanza mwanamke, hoja yake ya kwanza iwe choo? Atachorwa magazetini amechuchumaa na joho. Alitaka akumbukwe kwa barabara, kwa shule, kwa taa. Choo kitasubiri, alijiambia. Choo kikasubiri, na yeye akasubiri pamoja nacho.

Mlangoni pa kile choo cha Chekeni alikuwa akikaa binti mmoja, Atuganile, mwenye ndoo, ufagio na komeo. Siku moja alimwona Meya mkiani mwa foleni.

"Shikamoo Mstahiki. Pita mbele, bwana, wewe ni Meya."

"Marahaba. Foleni ni foleni, mwanangu. Umesoma mpaka wapi, mbona unaongea hivyo?"

"Chuo kikuu. Public Administration, upper second. Sasa hivi na-administer hiki choo."

Foleni ikacheka. Nyamizi hakucheka. "Vuta subira, binti. Mambo yatakaa sawa."

"Subira nimeshaifanyia masters, Mstahiki. Nimebakiza PhD."

Nyamizi akasogea na foleni.

Ikafika siku ya kikao cha mwisho. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na kwa sheria baraza lile lilikuwa linakufa siku hiyo hiyo saa kumi jioni. Hoja iliyobaki mezani ilikuwa moja tu, ya Pontiano: Chekeni ivunjwe, mwekezaji ajenge ghorofa la maegesho ya magari. Akina mama wahamie mahali patakapotajwa baadaye. Mnapajua mahali patakapotajwa baadaye? Nusu ya vijana wa nchi wanaishi huko.

Nyamizi alihesabu vichwa ukumbini akajua hana kura za kuizuia. Alichokuwa nacho ni kiti. Aliyekaa kitini ndiye anayeamua hoja ipigiwe kura lini, naye alikusudia kuwaacha waongee mpaka saa ile ya kufa. Nao walijua. Kwa hiyo waliongea kweli, taratibu, wakisalimiana, wakishukuriana, kila mmoja akianza na Mwenyezi Mungu na kumaliza na familia yake. Walikuwa wanangoja kibofu chake.

Hakuwa amekunywa kitu isipokuwa maji ya kumezea dawa za daktari, na dawa zenyewe zilikuwa za kufungua njia ya mkojo. Mchana ulipopinda, jasho likaanza kumtoka kwenye nyusi. Akabadili mguu. Akauma kanga aliyoificha ndani ya joho. Ubavu ukamkata kama wembe. Mbele yake glasi, pembeni yake Pontiano anatabasamu, na kidole chake kiko kwenye simu chini ya meza.

Akainuka. Hakuwa na namna. Moyoni alisema: kwaheri Chekeni.

Mzee Kasembe akaitazama siwa. Akazitazama glavu zake.

"Kanga, Mzee! Kanga!" wakaanza.

Mzee Kasembe akainuka, akaibeba siwa begani, akageuka. Kicheko kikakatika kama redio iliyokatikiwa umeme.

Wakashuka. Na hapa watu wa Chekeni mpaka leo hulia kwa kucheka wakisimulia, kwa sababu siwa ina mwendo wake, hatua na kituo, hatua na kituo, na Mzee Kasembe hakuujua mwingine.

"Mzee Kasembe, tafadhali, harakisha."

"Siwa haikimbii, Mstahiki."

"Siwa haikimbii, mimi nakimbia!"

Wakavuka uwanja hivyo, mbele Meya mwenye joho jekundu kashika ubavu, anakwenda mbio za bata, na nyuma yake mzee wa glavu anapiga hatua na kituo huku tembo wa fedha anang'aa juani. Soko zima likasimama. Foleni ya choo ikajigawa yenyewe.

Atuganile alikuwa mlangoni na simu mkononi. Aliisoma. Akamtazama yule mama, midomo imepasuka, joho limelowa jasho mgongoni. Akaisoma tena.

"Ingieni," alisema. "Wote wawili."

"Mimi ni mwanamume!" Mzee Kasembe akaruka.

"Mzee wangu, ukibaki hapa nje watakunyang'anya hiyo elephant yako. Ingia, geukia ukuta, fumba macho."

Akaingia. Akageukia ukuta. Akafumba macho. Atuganile akaingia nyuma yao akapiga komeo.

Kumbe mgambo walikuwa wameshatumwa kuirudisha siwa mezani. "Fungua! Amri ya Naibu Meya!"

"Ladies only!" Atuganile akapayuka kwa ndani. "Mlango umeandikwa, soma!"

"Halafu kuna foleni hapa," Bi Mwasiti akadakia kwa nje, na akina mama wakajibana mbele ya mgambo na mabeseni yao. "Wewe kijana umebanwa? Panga mstari nyuma ya yule mjamzito."

Ndani, Nyamizi alipomaliza na kurekebisha joho lake, alimkuta Atuganile ameegemea mlango, analia bila sauti. Binti akamnyooshea simu.

Ilikuwa mesiji ya Pontiano. *Anakuja. Mfungie nje, sema maji yamekatika. Kazi yako iko tayari.*

"Zile mara mbili, Mstahiki, ni mimi," alisema Atuganile. "Nilikuwa namwambia foleni ilivyo. Nikisema ndefu, wanapitisha. Aliniahidi kazi kwenye hilo ghorofa, mapokezi, kiti cha kuzunguka, kiyoyozi. Miaka yote hii hakuna mtu mwingine aliyewahi kunitamkia neno kazi. Nikasema uwanja wa mpira unanihusu nini? Mimi sichezi mpira."

Nyamizi alihisi mkono wake unataka kuinuka umzabe kofi. Mtoni ndiko alikofundisha. Wale watoto wa uwanjani aliwajua kwa majina ya bibi zao. Na pale kwenye zahanati alikusudia kujenga wodi ya wazazi.

"Na leo kakuambia unifungie nje," alisema.

"Kaniambia nifunge. Nimefunga."

Mlango ukatikiswa. Mzee Kasembe, macho bado kayafumba, akaanza kusali kwa sauti. Nyamizi alimtazama yule binti muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi walioiba unga wa mapishi.

"Komeo la chini pia," alisema. "Hilo la juu bovu."

Mgambo wakapenya kati ya akina mama mpaka mlangoni. Wakapiga bega mlangoni, mara na mara na mara. Atuganile alikuwa ameupa mgongo, mkono mmoja kauzungusha kwenye komeo, na bawaba ya juu ilipong'oka mlango ukamwangukia, mfupa wa mkono ukalia kama kuni kavu. Hakuachia. Na katika kelele zile saa ya Jumba la Baraza ikagonga. Saa kumi. Pontiano alifika anahema, tai begani, akakuta baraza lake limefia kwenye foleni ya choo.

Chekeni ikabaki.

Sasa tazameni walivyolipwa. Nyamizi, chama chake kikalikata jina lake, eti ameliaibisha jiji. Figo moja ikatolewa. Mzee Kasembe akaachishwa bila hata kupigiwa makofi, na hadi leo akipita kwenye vijiwe vya kahawa wanamwita Mpambe wa Choo. Atuganile akalala mahabusu kwa kuzuia shughuli za serikali. Mkono ukaunga vibaya. Na akiomba kazi, mwajiri akitafuta jina lake mtandaoni kinachotokea ni choo. Thank you for your interest, anaandikiwa. Basi.

Baraza jipya lilichaguliwa na watu walioisikia hadithi hii, kwa hiyo liliwaogopa sana akina mama wa Chekeni. Likatunga sheria kwamba soko haliguswi. Likajenga lango zuri, na juu ya lango likaacha kibao kitupu. Likatamka: soko lipewe jina la aliyeliokoa. Kibao kimoja, jina moja. Wakaitwa wote watatu, wakasimamishwa chini ya ngazi za Jumba la Baraza mbele ya watu wote wa soko.

Mzee Kasembe akatangulia. Alikuja na glavu zake.

"Mimi sina mengi. Siwa ndiyo kikao. Mama angeshuka peke yake kama siku zote, mngekuwa mnauza tangawizi kwenye maegesho. Miguu iliyoitoa siwa ni hii. Nilichekwa kabla, nachekwa mpaka leo, na mke wangu anachekwa kisimani. Jina ni langu."

"Na uwanja wa Mtoni?" Bi Mwasiti akauliza. "Siku ile miguu yako ilikuwa imekwenda wapi? Sheria uliijua."

"Ilikuwa na aibu," alisema Mzee Kasembe, akavua glavu moja.

Akaja Atuganile, mkono wake umepinda.

"Msinionee huruma, sijaja kwa hilo. Let us be logical. Siwa ilitoka, sawa. Lakini mgambo walikuwa njiani kuirudisha. Bila mlango wangu ingerudi mezani mapema tu. Mzee aliacha kazi aliyokwisha kuifaidi. Mimi niliacha ambayo sikuwahi kuionja. Nani hapa, mwenye digrii na njaa kwa pamoja, ameshawahi kuambiwa kazi yako iko tayari, akageuza komeo?"

"Na mesiji zako?" mtu akapiga kelele. "Wewe ndiye uliyetuuzia Mtoni!"

"Nilituma. Sikatai. Ila mngeniajiri nyinyi kabla ya Pontiano, ningemtumia nani?"

Soko likaguna. Wengine kwa hasira, wengine kwa kuguswa.

Mwisho akaja Nyamizi. Kabla ya kusema aliomba maji. Akapewa glasi, akainywa yote mbele yao, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Nimekaa na kiu kwa ajili yenu," alisema. "Vikao vyote nilivyokaa mdomo mkavu, hakuna kilichouzwa. Hawa wenzangu walikuwa mashujaa alasiri moja. Mimi sikuwa na alasiri ya kupumzika. Na figo haioti tena. Kama si mimi kukaa pale, Mzee angemfuata nani? Binti angemfungia nani?"

"Mwalimu," Atuganile akasema taratibu, na safari hii hakukuwa na kejeli, "kiti kilikuwa chako. Kwa nini hukujenga choo?"

Nyamizi akaishika ile glasi tupu kwa mikono miwili.

"Niliona haya," alisema.

Waheshimiwa wa baraza jipya wakanong'onezana, wakaandika, wakafuta. Katikati ya kunong'onezana kule, diwani mmoja mwanamke, maana siku hizi wako kadhaa, akainuka kwenye kiti chake cha mbele. Akajifunga kanga vizuri. Akapita nyuma ya meza kuu, akavuka uwanja, akaenda kusimama mkiani mwa foleni ya choo cha Chekeni. Soko zima likageuza shingo kumtazama.

Kibao bado kitupu. Aliyeikausha midomo yake na kuona haya, aliyeibeba siwa baada ya kuiacha, aliyefunga mlango baada ya kuuza siri. Je, jina la nani lipande pale juu? Nani alistahili? Bishaneni, tena msilale mpaka mpate jibu.

Na nyinyi Waheshimiwa wa Vumbiko, mnaoandika na kufuta, yenu si kubishana. Kabla ya jina, choo. Pale pale ghorofani, nyuma ya kiti. Chenye maji, chenye mlango, na komeo liwe kwa ndani. Yule diwani wenu bado amesimama kwenye foleni. Jengeni.